Tawi la Manjano Juu ya Meko ya Orpha

Ijumaa, 18 Machi

Lovina amekuja na supu. Tangu mama yake afariki, binti yangu hajui kuja bila supu. Kasimama sebuleni na sufuria mkononi, akaitazama rafu iliyo juu ya meko. Nikajua.

Vilivyokuwa juu ya rafu: kamusi ya Kilatini, miwani yenye mkono mmoja, chupa ya dawa ya kikohozi, soksi. Nilimweleza kwamba hewa ya moto hupanda, kwa hiyo hapo ndipo mahali pa kisayansi pa kuanikia soksi. Hakuvutiwa.

Akasema mwaka huu tena chakula cha Pasaka kitakuwa kwa mama mkwe wake, Beulah Rauch. Nyumba ya tatu kutoka hapa! Na mayai ya Orpha yatatundikwa huko, kama mwaka jana.

Lazima nieleze kuhusu mayai. Orpha, marehemu mke wangu, aliyapuliza yakabaki matupu, akayatia wekundu kwa maganda ya vitunguu, kisha akakwaruza rangi kwa ncha ya kisu: maua, ndege, jina la kila aliyezaliwa au kuolewa katika ukoo wetu. Langu lina ndege aliyefumba macho. Orpha alisema ndivyo ninavyokuwa nikieleza jambo. Mayai hutundikwa kwenye matawi juu ya meko, na ukoo hula chini yake. Mayai yalipo, ndipo nyumbani. Kwa muda wa Pasaka nzima, nyumbani kwetu ni kwa Beulah Rauch!

Nikamuuliza Lovina: je, rafu ikipambwa kama zamani? Akacheka. Akaona mimi sicheki. Akasema, "Haya, baba. Jumamosi ya kuamkia Pasaka nitapita na mayai kwenye kapu. Nikikuta rafu inayofanana na ya mama, tunakula hapa. Nikikuta soksi, kapu linaendelea na safari."

Soksi nimeitoa. Kazi imeanza.

Jumapili, 20 Machi

Matawi kwanza. Kichaka kizuri kuliko vyote mjini kiko kwa Beulah: kile ambacho maua yake ya manjano hutangulia majani. Ukikata tawi likiwa bado na matumba, ukaliweka majini karibu na moto, hudanganyika kwamba baridi imekwisha. Huchanua kabla ya wakati. Elimu ni kitu kizuri sana.

Ningeweza kumwomba. Lakini kumwomba ni kumwambia mpango, na mpango akiujua Beulah, kwaya nzima itauimba.

Kwa hiyo leo sikwenda kanisani. Kikohozi. Beulah huimba sauti ya kwanza, na mtu anayeimba sauti ya kwanza hawezi kulinda bustani. Madirisha ya kanisa yalikuwa wazi kidogo. Kinanda kilipopanda, nilikata. Kiliposhuka, niliinama. Asubuhi ilikuwa na ukungu mwepesi, na kwa kitambo nilijiona kama mtu anayekata matawi ndani ya wimbo.

Tawi zuri kuliko yote lilikuwa limefungwa uzi wa sufu wa kijani. Juu ya uzi, nundu ya rangi ya mkate, nyepesi, kama povu lililokauka. Nimelichagua hasa kwa ajili ya hiyo nundu. Ina haiba.

Dhamiri shwari. Kupogoa hukipa kichaka nguvu. Nimemfanyia Beulah kazi ya bure.

Jumatano, 23 Machi

Matawi yako kwenye jagi la maziwa la Orpha, katikati ya rafu. Moto mchana kutwa.

Wilmer, mume wa Lovina, ameleta kuni. Ni mtu mkubwa, mtaratibu, hasemi mpaka awe na la kusema. Aliitazama nundu, akauliza ni nini. Nikamweleza kwamba ni utomvu: mti ukijeruhiwa hutoa utomvu, hewa huingia, povu huganda. Akaanza kusema kwamba mama yake ana vitu kama hivyo bustanini, na huwa anavi... Nikamkatiza, kwa kuwa nilikuwa sijamweleza tofauti ya utomvu na ulimbo. Nilipomaliza alikuwa amesahau alichotaka kusema. Mtu mwema. Hana umakini.

Mchana nikasinzia kitini. Nikamwota Orpha, mdogo kama kikombe cha chai, amekaa ukingoni mwa rafu, miguu inaning'inia. Anakwaruza yai. Nikaanza kumweleza jinsi matawi yanavyodanganywa na joto. Hakuinua kichwa. Akasema, "Mahlon, najua."

Nimeamka chumba kinanukia mvua. Nimeongeza kuni.

Jumanne, 29 Machi

Upelelezi. Nimekwenda kwa Beulah kwa kisingizio cha kumrudishia bakuli.

Alinipokea mlangoni akiniuliza, "Mwalimu, leo umekuja kunifundisha au kula?" Nikasema vyovyote. Akanikatia pai ya molasi.

Rafu yake ni ya marumaru. Sungura wa kauri wamepangwa kwa kimo kama kwaya. Kitambaa cha lesi. Kuvumwani mbichi, kama zulia la kijani. Katikati kaacha nafasi tupu. Nafasi ya mayai yetu!

Kisha akaanza kulalamika. Mtu kamkatia kichaka chake. Kalichukua tawi alilolifunga uzi. "Watoto wangu wote walikuwa pale!" Nikamweleza kwamba upepo wa Machi huvunja matawi. Akauliza upepo gani huo wenye makasi. Nikamweleza kwamba kulungu hula vichaka mwisho wa majira ya baridi. Akasema, "Basi kulungu huyo anavaa buti za mpira. Nyayo zake ziko kwenye matope mpaka sasa." Nikairudisha miguu yangu chini ya kiti, polepole.

Watoto wake wote! Beulah ana mtoto mmoja tu, Wilmer, na hajawahi kuonekana juu ya kichaka. Akili yake inaanza kuchoka, maskini. Nimemwonea huruma. Nimekula kipande cha pili.

Jumapili ya Matawi, 3 Aprili

Yamechanua!

Nilishuka asubuhi kabla jua halijafika dirishani, nikadhani nimeacha taa. Ni matawi. Manjano yamejaa chumba chote, mpaka kwenye dari, mpaka kwenye migongo ya vitabu. Nje theluji nyepesi imelala barazani. Ndani ni Mei. Nilikaa na nguo za kulalia, sikusoma kitu, sikumweleza mtu kitu. Petali moja ilianguka juu ya goti langu. Orpha alizoea kusema kwamba rafu ya Pasaka haipambwi, huamshwa. Nilimsahihisha kila mwaka. Leo sijui kwa nini nilimsahihisha.

Mchana nikarudiwa na akili timamu. Uzi wa kijani! Beulah akiuona nimekwisha. Nimefunga utepe mweupe juu yake, fundo la kipepeo. Nilitaka pia kuipaka nundu rangi ya dhahabu, lakini rangi imekauka koponi. Bahati mbaya.

Alhamisi, 7 Aprili

Alhamisi ya Kijani, ndivyo tunavyoiita hapa Alhamisi Kuu. Nimekula majani machungu ya bustanini kwa siki na mafuta ya nyama, kama kila mtu hapa siku ya leo. Ukiyaacha, husemwa, utaugua mwaka mzima. Sina muda wa kuugua.

Mpango mpya: nitengeneze mayai yangu mwenyewe, rafu ijae kabla ya Lovina kufika. Nimetoboa, nimepuliza. Kupuliza yai ni kazi ya mapafu ya mpiga tarumbeta. Niliona nyota. Nililala zuliani kwa muda, nikaitazama dari, na ilikuwa nzuri ajabu.

Matokeo: mayai matatu mazima. Nililitia moja wekundu, nikakwaruza sungura. Anafanana na buti. Nilikwaruza buti nyingine pembeni, ionekane ni makusudi. Mengine yote nimeyakaanga. Nimekula mayai asubuhi, mchana na jioni.

Jumamosi, 9 Aprili

Lazima niandike kwa utaratibu.

Asubuhi niliwasha moto mkubwa kuliko yote, nyumba iwe na uchangamfu. Saa nane Lovina akaingia na kapu. Akasimama. Akatazama manjano. Akaweka mkono mdomoni. Akasema kwa sauti ndogo, "Baba, ni kama mama yuko jikoni." Kisha bila neno jingine akaanza kuyatundika mayai ya Orpha, moja moja, kama zamani. Nilishinda! Nilikuwa nimeshinda kabisa!

Hapo Beulah akabisha hodi. Kaleta keki, na macho. Kasimama mbele ya rafu, akakiri kwamba matawi ni mazuri. Akauliza nimeyapata wapi. Nikaanza kumweleza historia ya kichaka hicho, kilivyoletwa kutoka Mashariki ya mbali...

Lovina akasema, "Baba, utomvu wako unatembea."

Nundu ilikuwa inatoa nyuzi. Kwenye kila uzi kitu chembamba, rangi ya majani makavu, kikishuka polepole na kujinyoosha. Kisha kingine. Kisha wakamiminika, kama mvua nyepesi iliyoamua kuwa na miguu. Vivunjajungu! Wadogo kuliko sindano, vichwa vya pembetatu, wakishuka juu ya maua, juu ya utepe, juu ya mayai. Walipita juu ya jina la Lovina. Walipanda zile buti mbili nilizokwaruza. Mmoja alisimama juu ya yai langu, kwenye ndege aliyefumba macho, akakunja mikono yake midogo kifuani, akanitazama. Moto ulikuwa unapumua. Sijaona kitu kizuri namna ile tangu nizaliwe, na ningesema hivyo kwa sauti, ila utepe ulilegea ukaanguka.

Beulah akauona uzi wake.

"Kulungu," alisema.

Nikaanza kumweleza. Akaniambia, "Nyamaza, Mwalimu." Nilinyamaza. Akasema kila majira ya kupukutika kwa majani hutafuta nundu hizi za mayai ya vivunjajungu, huyafunga uzi asiyapogoe kwa bahati mbaya, na mwezi wa Mei watoto wao hutoka na kula vidukari wa waridi zake. Sasa nimewaamsha Aprili, nje kuna jalidi, na wakitolewa leo watakufa wote.

Lovina alianza kuyatungua mayai. Alikuwa na sura ya mtu anayerudisha kitu dukani. Yai la mama yake lilikuwa tayari mkononi. Moyo wangu ulishuka mpaka kwenye slipa.

"Acha hapo!" Beulah akafoka. "Utawaponda! Wako juu ya kila yai." Akavua koti. Akatoa amri kama jenerali. Mlango usifunguliwe ovyo. Moto upunguzwe. Ndizi zilizoiva mno ziletwe, zivute visubi, watoto wale. Yeye hatoki humu mpaka awaone wamekula, na hawezi kuwaacha na mtu huyu hata kwa saa moja. Lovina akauliza, na chakula cha kesho je? Beulah akasema ni nyama na viazi tu, watu wana miguu, vitaletwa hapa.

Kuhusu wizi, akasema, tutazungumza Jumatatu.

Jumapili ya Pasaka, 10 Aprili

Kristo amefufuka, na ukoo mzima umekula chini ya rafu yangu!

Nyama ya nguruwe ya kuokwa, mayai yaliyolowekwa kwenye siki ya bitiruti, saladi ya viazi. Kila sahani ilifunikwa kwa sahani nyingine. Tulifunua, tukachota, tukafunika. Wilmer alikuta kivunjajungu kwenye sharubu zake, akambeba kwa kidole hadi kwenye tawi. Baadaye akasema, "Ndicho nilichotaka kusema siku ile, baba." Nikamwambia ajifunze kusema haraka.

Beulah alikaa kwenye kiti changu. Nilikaa kwenye ngazi ya vitabu. Jua la mchana lilipita kwenye manjano, mayai yakazunguka taratibu, na nilimwona Lovina akiliangalia la mama yake kwa muda mrefu. Akasema mayai yatabaki hapa. Mwaka huu na mwakani.

Nimepima mambo yote kwa utulivu. Jambo liko wazi. Ni upambaji wangu uliowarudisha.

Jumatano, 13 Aprili

Adhabu ya Beulah: nilime kitalu chake cha waridi. Nimelima. Alinitazama kutoka dirishani akila pai. Joto limerudi ghafla. Vivunjajungu waliosalia tumewahamishia kwake kwenye sanduku la viatu, yeye akiwaimbia, sauti ya kwanza.

Matawi yamepukutika, na rafu sasa imebaki tupu katikati. Mayai yanahitaji msingi wenye hadhi. Na Pentekoste haiko mbali!

Bahati iliyoje: nyuma ya banda la Beulah kuna kipande cha boriti ya zamani, mbao kavu, rangi ya asali. Imetobolewa matundu ya duara, mapana kiasi cha kupitisha nyuki, safi kabisa, kama kazi ya fundi mwenye kekee. Ni kazi ya mikono ya mababu bila shaka. Nitamweleza Lovina kuhusu useremala wao.

Sikumwomba Beulah. Kumwomba ni kumwambia mpango. Nimeibeba chini ya koti alipokwenda kwenye mazoezi ya kwaya.

Sasa iko juu ya meko. Inapendeza. Jioni imepoa, kwa hiyo nimewasha moto. Nimeweka sikio kwenye tundu moja: ndani mna mvumo mdogo, mtamu, kama mtu anayeimba usingizini. Mbao za kale hufanya hivyo zikipata joto. Ni hewa tu inapanuka.

Nimeongeza kuni.