Sola Iliyomtazama Mama Ritha

Jumatatu, 4 Agosti
Leo tena. Wachimbaji wametoka maduarani, kwenye mashimo ya dhahabu, simu zimezima, wakapita mlangoni kwangu kama wanapita makaburini. Wote wakachaji kwa Mama Ritha, ng'ambo ya njia! Eti kwangu chaji hufa saa kumi. Sola yangu ni kubwa kuliko yake. Inatazama mashariki, kwa adabu. Huyu mwanamke analivuta jua langu.

Jumanne, 5 Agosti
Nimemwita fundi, Valerian. Anasema sola yangu inakula jua la asubuhi tu, jioni inalipa kisogo. Niongeze ya pili, itazame magharibi. Magharibi kuna nini? Nyumba ya Mama Ritha! Nikamuuliza amelishwa nini huko. Akasema, "Mayu, mama yangu, jua linatua huko lenyewe. Si mimi niliyelipeleka." Mdomo huo! Beberu wangu kaenda mnadani, sola inakuja.

Jumatano, 6 Agosti
Imefungwa. Inamtazama Mama Ritha mpaka jikoni. Kapita, kaniamkia shikamoo mara mbili. Nani huamkia mara mbili? Kasema sola nzuri, inang'aa. Inang'aa! Ng'ombe wa marehemu mume wangu alisifiwa hivyohivyo, kesho yake hakuamka. Nimepanda ngazi mwenyewe, nikaifunika kitenge. Asione.

Alhamisi, 7 Agosti
Nilijua. Chaji imekufa saa kumi ileile. Nasibu, mteja wangu wa mwisho, kachukua simu yake na kuvuka njia. Valerian kaja, katazama juu ya bati, kashika kiuno.
"Mayu, sola umeivika kitenge?"
Nikamwambia, "Ulitaka ikae uchi mbele ya majirani?"
Akataka kupanda akifunue. Haya ndiyo aliyotumwa! Nimeondoa ngazi.

Ijumaa, 8 Agosti
Upepo umebeba kitenge mpaka uani kwa Mama Ritha. Kakirudisha kimekunjwa. Na kimefuliwa! Alikuwa anafuta nini?
Lakini jioni, maajabu. Chaji haikufa. Simu zimejaa mezani, wachimbaji wamekaa barazani kwangu mpaka jua limezama. Nasibu kasema hahami tena, ila nikizimika kesho sitamwona tena.
Sizimiki. Nimeshaelewa. Kitenge kilikinywa kijicho chote, kikashiba, kikaondoka nacho. Kitambaa chepesi vile!

Jumamosi, 9 Agosti
Asubuhi nimekwenda sokoni Katoro. Nimeleta turubai la lori, zito. Nimelifunga juu ya sola kwa waya, pembe zote. Upepo ujaribu sasa.
Wachimbaji nimewaambia waje wote jioni.