Konstebo Ojera Alainisha Gwaride

Kampala nzima hakuna aliyejua kujiandaa kwa gwaride kama Konstebo Ojera! Hayo ni maneno yake mwenyewe, na aliyasema kila asubuhi bila kuulizwa.

Siku hiyo nafasi ya ukoplo ilikuwa moja, wanaoimezea mate wawili: yeye na jirani yake Oola. Tatizo? Buti mpya za Ojera zilikuwa ngumu kama tofali. Akaingia saluni kwa mkewe Helen, akatoka na dumu zima la kondishena.

"Baba Akwero, hiyo ni ya nywele!"

"Nywele ni nini? Nyuzi! Suruali ni nini? Nyuzi! Buti ni ngozi, na kichwa kina ngozi. Nani kasoma hapa?"

"Hiyo kitu inaganda juu ya unywele, inaufunika, ndiyo chanuo linateleza. Haina ubaya, lakini ni ya kichwa, na unasuuza!"

"Kusuuza ni kwa waoga."

Wenzake walitia yunifomu zao wanga. Yeye akailoweka yake kwenye kondishena! Akapaka mkanda, kofia, filimbi. Buti akazipaka ndani, nje, mpaka soli!

Gwarideni, mikunjo ya pasi ya wenzake ingeweza kukata nyama. Yunifomu ya Ojera ilining'inia kama chapati iliyolowa chai, naye ananukia nazi kama bibi harusi.

"Nyuma geuka!"

Wenzake waligeuka mara moja. Ojera aligeuka mara tisa! Akapiga saluti, kofia ikachomoka, ikatua ndani ya tarumbeta la bendi.

"Mbele tembea!"

Banange, akaenda! Akapita bendera, akapita bendi, akafika langoni. Mlinzi akamfungulia haraka, akidhani ni mkubwa mwenye dharura. Akashika Barabara ya Bombo, mteremko wote, bodaboda zinampisha!

Afande Abalo, mkuu wa gwaride, akafungua orodha.

"Konstebo Ojera!"

"Hayupo, Afande," akajibu Oola.

"Yuko wapi?"

"Redio inasema anapita Bwaise, Afande. Bado amepiga saluti."

"Basi ukoplo ni wako."

Alasiri Ojera alirudishwa kwa bodaboda, amefungwa kamba kwa dereva asichomoke. Afande Abalo akamzunguka polepole. Akagusa kola: hariri! Akagusa mkanda: siagi! Mwisho akamgusa kichwani, akaurudisha mkono upesi kama aliyechomwa.

"Wewe Ojera! Dumu zima, na nywele bado kavu kama fagio?"