Kumnenepesha Mageni

Jumatatu, 4 Agosti. Kalangalala, Geita.
Alhamisi Daktari Rosemary anakuja kwenye shamba letu la wanyama kupima unono. Mnyama atakayeonekana kuishiwa mafuta mwilini atahamishiwa Bukombe, kwenye majani mengi. Sostenes, mtunza nyumbu, kaniambia huku anachekelea. Anajua pundamilia wangu, Mageni, kakonda kiangazi hiki. Mageni nimemlea kwa chupa. Haendi popote. Nina mpango.

Jumanne, 5 Agosti.
Nimechota pumba za nguruwe wa mke wangu, Apolonia. Debe zima. Mageni kanusa, kazigeuzia mgongo. Nyumbu wa Sostenes wakapenyeza vichwa kwenye uzio, wakamaliza.

Jumatano, 6 Agosti.
Pumba tena. Nyumbu tena. Apolonia kalalamika kuna mwizi mtaani. Nimemwambia awe macho.
Mpango mpya: jiwe la chumvi. Mageni kalilamba mchana kutwa, akanywa maji mpaka tumbo likawa kama pipa. Mnono kabisa.

Alhamisi, 7 Agosti.
Daktari kaja na darubini. Nikamwamkia, nikamwelekeza tumboni.
Akasema, “Tumbo linanionyesha alichokula na kunywa leo, Baba Denis. Mafuta nayatafuta mgongoni na kwenye makalio.”
Mifupa ya nyonga imechomoza. Uti wa mgongo unaonekana wote. Manyoya ya shingo yamelala. Alama mbili kati ya tano. Nyumbu wamepata nne, na Sostenes kasifiwa kwa lishe bora.
Machozi yakanilengalenga. Daktari akashangaa, akauliza kwani sikuambiwa kwamba mtunzaji anahama na mnyama wake. Sikuambiwa. Sostenes kaangalia pembeni.
Nyumbani nikamweleza Apolonia yote. “Gashi! Kumbe mwizi ni wewe,” akashangaa kwa Kisukuma, akacheka mpaka akakaa chini. Kisha akaanza kufunga mizigo.

Jumapili, 30 Novemba. Bukombe.
Mvua zimenyesha. Majani yananifika magotini. Makalio ya Mageni yamejaa, manyoya ya shingo yamesimama. Apolonia kaingia kwaya, nguruwe wake wamezaa. Hatutaki kuondoka. Daktari kapiga simu: anakuja Jumatano, na Mageni akifikisha alama nne tunarudi Geita.
Misa nzima nimewaza. Kuanzia kesho alfajiri mimi na Mageni tunakimbia mbio. Siku mbili zinatosha kumkondesha. Daktari hatagundua.