Watoto Wetu Waingie Kitabuni

Jumatatu, 7 Juni 1954. Njombe.
Nimepata kazi ya ukalimani! Amekuja Memsahibu anayepima akili za watoto. Anaandika kitabu kueleza jinsi mtoto wa binadamu anavyokua. Nikamuuliza mpaka sasa kapima binadamu gani. Akasema wa kwao Uingereza, wote weupe. Nikamwambia hiyo ni nusu ya kazi. Akakubali, tena kwa heshima. Basi watoto wetu lazima waingie kitabuni, binti yangu Tabea mbele. Kule Makambako, mji jirani, kamchukua mshindani wangu Odilo awe mkalimani. Odilo! Maskini Memsahibu.

Jumanne, 8 Juni
Aibu. Kuna picha ya mtoto aliyevaa kiatu kimoja. Namuuliza mtoto kwa Kibena chetu: hapa kimepungua nini? Jibu linalotakiwa ni kiatu cha pili. Tabea hajawahi kuvaa kiatu, na kutwa yuko na mdogo wake mgongoni. Akaitazama weee, kisha akasema, "Mdogo wake. Mbona hakumbeba?"
Jasho likanitoka, na baridi yote hii. Nikamtafsiria Memsahibu: kiatu. Akafurahi.

Alhamisi, 10 Juni
Watoto wote wanataja mdogo wa mgongoni. Mimi natafsiri kiatu, kiatu, kiatu. Mke wangu Dorika anasema nawadhulumu, maana wamejibu vizuri. Nimemwambia mambo ya kitaalamu aniachie. Nasikia Odilo anatafsiri kila neno kama lilivyo. Atatuaibisha nchi nzima!

Jumatatu, 14 Juni
Memsahibu kafunga mizigo. Anasema watoto wa Njombe wamejibu sawasawa na wa kwao, kwa hiyo hana haja ya kuwaandika. Wa kwao watatosha kuwasemea. Wa Makambako ndio waliomshangaza, na atawapa sura nzima. Jina la Odilo litachapwa.
Jioni Tabea kaniuliza kama jibu lake limeingia kitabuni. Nilishindwa kumtazama. Imeniuma sana, sitaficha.

Jumatano, 16 Juni
Nimeligundua kosa! Majibu yetu yalifanana mno. Mwezi ujao anakuja bwana mwingine, atawauliza watoto wanaota nini usiku. Safari hii sibahatishi. Nimewatungia ndoto zote mwenyewe, kila mtoto na yake, na hakuna mtu wa Makambako atakayezifikia. Tabea anasema anayo ndoto yake. Nimemwambia asiitaje mbele ya mgeni.