Fuko Wamevamia Uwanja

Alhamisi, 6 Juni 2019. Bwera.

Leo naanza shajara. Kwa Kiswahili! Nina sababu. Bwenini kwetu kila mtu anasoma karatasi za mwenzake, lakini Kiswahili wanakiongea tu, kukisoma wanaona uvivu. Humu siri zangu ziko salama.

Siri ya kwanza. Mimi, Zedekia, Waziri wa Michezo katika serikali ya wanafunzi wa chuo hiki cha ualimu, nimebanwa. Jumamosi ijayo, tarehe 15, ligi ya vyuo inafunguliwa hapahapa uwanjani kwetu. Wageni ni wale wa chuo cha Kasese mjini. Wanawake watacheza saa nane, wanaume saa kumi. Wanawake wako tayari. Nahodha wao Biira, binti wa kule Kyondo, anawakimbiza vilimani tangu Februari. Wanaume? Mungu wangu! Mwaka jana Kasese walitupiga sita. Mwaka huu tuna kipa anayefumba macho mpira ukija.

Sasa sikia. Madam Olivia, mkuu wa chuo, ametangaza mbele ya watu wote: wanaume wakifungwa tena siku ya ufunguzi, uwanja unapewa idara ya kilimo. Moja kwa moja! Mwalimu Semu wa kilimo akapiga makofi peke yake. Huyu Semu alikuwa jeshini zamani, na mpaka leo anatembea kama anakagua gwaride. Tangu Aprili anapima uwanja kwa kamba. Sisi tunafanya mazoezi, yeye anapita katikati yetu na kamba yake. Jana alichota udongo wa eneo la penalti, akaunusa, akaniambia unafaa maharage.

Waziri wa Michezo asiye na uwanja ni waziri wa nini? Wa karata?

Lakini kichwa changu hakilali. Nimepata dawa. Kuahirisha! Wiki tatu tu, tukaze miguu. Nimeiandikia kamati ya ligi kule Kasese kwamba uwanja wetu umevamiwa na fuko. Wametoboa kila mahali. Mchezaji atavunjika mguu. Ardhi hii, nimeandika, muhula huu haifai kwa mpira hata kidogo. Nikapiga mihuri miwili. Nakala nikaiweka kwenye faili la chuo, maana mimi ni mtu wa utaratibu.

Fuko mwenyewe sijawahi kumwona. Nani atatoka Kasese aje kuchungulia mashimo?

Jumamosi, 8 Juni

Wanakuja kuchungulia mashimo.

Huzaifa, mshambuliaji wetu, ambaye wikendi anaendesha boda, alipeleka barua Kasese asubuhi na mchana akarudi na jibu. Kamati inasikitika kusikia habari za fuko. Jumatano itatuma mtu kukagua.

Nilikaa kitandani dakika kumi. Kisha nikacheka. Wanataka mashimo? Watapata mashimo!

Jumapili, 9 Juni

Ushindi! Chuo kizima kilikuwa kanisani. Nimemdanganya mchungaji kwamba naumwa jino. Huzaifa ni Mwislamu, kwa hiyo alikuwa na nafasi. Nilibeba vijiko viwili vya bwalo. Jembe linaacha alama kubwa, mtu akiona atajua. Kijiko kinatoa kishimo kizuri, kama kazi ya mnyama mwenyewe.

Tumechimba mashimo arobaini na moja. Huzaifa alilalamika kwamba hata fuko wa kweli hupumzika. Nikamwambia fuko wa kweli hana tarehe ya mechi. Tuliposikia wimbo wa mwisho kanisani tulikimbia, na katika kukimbia kijiko kimoja kikapotea. Si kitu. Nimesimama kwenye mstari wa kona, nikatazama vilima vyangu vidogo. Uzuri ulioje!

Mchana Mwalimu Semu alipita na kamba. Akainama kwenye shimo moja muda mrefu. Akasema udongo ukifunguka hivi unapata hewa. Basi.

Jumatano, 12 Juni

Mkaguzi hakuja.

Ebola imevuka. Tuliisikia miezi yote kwamba iko upande wa Kongo, tukazoea kunawa pale mpakani Mpondwe na kupita. Sasa iko huku kwetu. Redio zote zinasema hivyo, na zinasema wapo waliokufa. Chuoni watu wameacha kushikana mikono. Tunaamkiana kwa mbali, kila mtu amekunja mikono kifuani. Kwenye geti kuna dumu la maji ya klorini lenye bomba, na dada mmoja wa afya, Naswiba, anatuelekezea paji la uso kile kipimajoto ambacho watu wanakiita bastola.

Nimempigia mama simu mara tatu. Mzima. Niliogopa, naandika wazi. Siku nzima sikufikiria uwanja. Labda mara mbili.

Ijumaa, 14 Juni

IMEAHIRISHWA!

Barua imekuja leo kwa vyuo vyote. Hakuna mechi siku arobaini na mbili. Ligi itafunguliwa Jumamosi tarehe 27 Julai. Kwa ajili ya ugonjwa, wanasema. Sawa, ugonjwa. Lakini barua yangu ndiyo iliyotangulia! Kamati ilikuwa tayari imeanza kuwaza mambo ya kuahirisha. Nani aliwatia wazo? Mimi. Niliomba wiki tatu, nimepewa sita!

Wakati wa chakula nilisimama juu ya benchi bwaloni nikawaeleza wenzangu, kwa unyenyekevu, kazi niliyofanya. Wachezaji wetu walishangilia. Kipa alinyanyua mikono ya kunikumbatia, akakumbuka, akaishusha.

Biira alikuja na sahani yake akasimama mbele yangu. Akaniuliza kama ni kweli niliomba ligi isogezwe hata kabla ya ugonjwa. Nikasema ndiyo, na bado najivunia. Akaniangalia sana.

"Mimi namaliza chuo Agosti, Zedekia. Huu ndio msimu wangu wa mwisho."

Akaondoka. Nilimaliza ugali wangu. Wanawake hawaelewi mikakati. Lakini mbona alisema taratibu vile?

Jumatatu, 17 Juni

Nimeuawa. Nimeuawa na faili!

Asubuhi Madam Olivia ameniita ofisini. Nikaingia natabasamu, nikidhani ni pongezi. Mwalimu Semu yuko ndani, amesimama wima, na mkononi ana nakala ya barua yangu. Ile ya mihuri miwili. Akaisoma kwa sauti ya gwarideni, kila neno. Ardhi hii muhula huu haifai kwa mpira hata kidogo. Akasema mpira umesimamishwa, waziri mwenyewe ametia sahihi kwamba ardhi haifai, na fuko wamekwisha kumsaidia nusu ya kazi ya kulima. Anaomba apande maharage ya muda mfupi, siku sitini. Ni kiangazi, kweli, lakini kiangazi ndicho kipindi kizuri cha kufundisha umwagiliaji. Na watu wa kubeba maji wapo: wachezaji hawana kazi.

Nilisema fuko wamehama. Madam akauliza lini. Nikasema jana. Akauliza nimejuaje.

Wanalima leo mchana. Arusi yao!

Jumatano, 19 Juni

Mpango mpya, na huu ulikuwa mtamu. Nilijiambia hivi: mikusanyiko imekatazwa. Mpira ni mkusanyiko. Basi wanafunzi sitini wenye majembe ni nini? Nikatoka mbio mpaka kwa dada Naswiba getini, nikamwambia aje haraka, kuna hatari kubwa uwanjani, watu wamerundikana.

Akaja. Akatazama. Mwalimu Semu amewapanga kila mtu kwenye mstari wake, hatua nne kutoka kwa mwenzake, kila mmoja na jembe lake, dumu la klorini kila kona. Hakuna anayemgusa mtu. Naswiba akasema tangu aanze kazi hii hajaona mahali palipopangwa vizuri hivi, akampiga picha. Akasema wacheza mpira ndio shida, wakifunga goli wanarukiana migongoni.

Kisha akanigeukia, akaniona natweta na jasho linanitoka. Bastola! Ikasoma juu. Nikamweleza ni mbio. Hakusikia neno. Nimekaa saa mbili kwenye kiti cha peke yangu chini ya turubai, watu wote wakipita mbali na kunionea huruma. Kipa wetu aliniombea kwa sauti. Naswiba alipopima tena nilikuwa mzima kabisa, akaniruhusu.

Nilipotoka, Mwalimu Semu ananingoja. Mkononi ana kitu kinachong'aa.

"Minista," akasema, "fuko yako imesahau kijiko."

Akanipa. Nyuma ya kijiko kuna jina la bwalo letu. Sasa nasubiri aende kwa Madam.

Jumamosi, 6 Julai

Hajaenda. Wiki mbili na zaidi! Anaponiona ananionyesha tu madumu, nami nabeba. Safari kumi kutoka mtoni kila asubuhi, na Huzaifa nyuma yangu analia kwamba yeye alichimba mashimo kumi na tatu tu, kwa nini abebe sawasawa na mimi. Maharage yamepita vifundo vya miguu. Kwenye nukta ya penalti ndiko yamestawi kuliko kote. Inauma.

Habari kubwa ya leo ni Biira. Ligi itafunguliwa, sisi ndio wenyeji, na uwanja hatuna. Mimi nilikuwa na mipango minne, mmoja una mbuzi. Kumbe yeye alipanda boda akaenda Munkunyu, akamwona mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi, akamwomba uwanja wao. Yule mwalimu akakubali.

Nilimuuliza alimwambia nini. Hakuna ujanja wowote? Akasema alimwambia ukweli: tuna mechi, hatuna uwanja, tafadhali. Kuomba tu! Hivihivi! Nilikosa usingizi wa mchana kwa kuwaza. Akaniambia nisihangaike, na mimi nikamwambia wasingya, asante, na nilimaanisha. Nilimwomba radhi pia kwa maneno ya bwaloni. Akasema ameshasahau. Ninafikiri hajasahau, lakini alicheka.

Jumatatu, 22 Julai

Siku tukufu! Wacha niandike kwa mpangilio.

Kwanza, hakuna mgonjwa mpya kwetu, na ligi inafunguliwa Jumamosi hii kama ilivyopangwa, Munkunyu. Biira amewapigisha wenzake mbio mpaka wanaona giza. Nimebeba koni zake mwenyewe bila kuambiwa.

Pili, na hii ndiyo yenyewe: Madam Olivia ametangaza asubuhi kwamba maharage yatavunwa tarehe 17 Agosti, na siku hiyohiyo UWANJA UNARUDI KWETU! Hata tukifungwa! Mwalimu Semu mwenyewe ndiye aliyemwambia. Alisimama akasema amelima ardhi yote, hakukuta fuko hata mmoja, ardhi ni nzima, inafaa mpira, na vijana wamebeba maji bila kukosa siku. Akanitazama. Kijiko hakukitaja. Nilitaka kumkumbatia, ila haturuhusiwi. Nimeirudia habari hiyo kwa kila mtu bwenini, hata kwa waliokuwepo.

Nilitembea pembeni ya shamba langu, yaani uwanja wangu. Maharage yamechanua, maua meupe mpaka golini. Nilihesabu nyuki watatu, labda wanne. Nikasimama nikifurahi. Siku ishirini na sita tu, bila kufanya lolote.

Hapo ndipo nilipowaona wanaume wetu wakirudi na madumu. Mikono imejaa kama ya wabeba magunia. Miguu haiinuki. Kipa bado anafumba macho. Jumamosi hii watapigwa nane! Huzaifa anasema tisa, na yeye yuko katika timu. Wanawake waende Munkunyu washinde, Mungu awabariki. Lakini wanaume? Tunahitaji wiki tatu tu. Mpaka tarehe 17, uwanja ukirudi, tuwapige Kasese nyumbani.

Na safari hii sitasema fuko. Mtu hujifunza.

Nimeiandikia kamati barua fupi, yenye adabu. Mechi ya wanaume isogezwe, kwa kuwa vijana wanapaswa kufanya mazoezi nyumbani, na uwanja wetu umevamiwa na nyuki. Maelfu. Mahali hapa, nimeandika, ni pa nyuki kuliko pa mpira. Mihuri mitatu. Huzaifa ameshawasha pikipiki. Nakala nimeiweka kwenye faili.

Pale kwenye faili nilimkuta Mwalimu Semu anatafuta karatasi zake. Aliisoma nakala akiwa amesimama, polepole, mara mbili. Akaniuliza:

"Nyuki iko mingi kweli, minista?"

Nikamwambia mingi sana, afande, mno, hata yeye asisogee. Akanishukuru! Uso wote ukamfunguka. Sijawahi kumwona na furaha hivyo, na sijui imetoka wapi. Mzee mwema kabisa, nilimkosea bure.

Namwona hapa dirishani ninapoandika. Amebeba ile kamba yake. Anapima nafasi ya mizinga ya nyuki, akiihesabu kwa sauti, kutoka goli hili mpaka goli lile.