Winga Mwenye Taulo

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Leo nimeanza rasmi maisha ya kimataifa. Sokoni Masasi, kwenye rundo la mitumba, nimepata jezi namba kumi na moja ya timu ya Uingereza, daraja la nne. Mgongoni imeandikwa CROWTHWAITE. Kulitamka jina hilo kunataka meno mengine. Namwita Kroti.

Nimemtafuta kwenye simu hadi bando likakata. Winga wa kushoto, kama mimi! Miaka kumi na mitatu, timu tisa, magoli kumi na saba. Katolewa kwa mkopo mara sita. Sita! Sultani, ambaye huanza kila mechi hapa Lupaso mimi nikisugua benchi, kacheka hadi kakaa chini. Eti anayetolewa kwa mkopo ni yule ambaye kwao hawamtaki. Mjinga. Nani anaazima jembe bovu?

Jumamosi ni fainali, sisi na Chilangala, uwanja wa Newala. Mwalimu Cecil atakuja kuchagua winga mmoja wa kushoto aende Mtwara kujaribiwa timu ya mkoa. Mmoja tu! Mimi huku benchini hanioni hata kwa darubini.

Jumanne, 5 Agosti
Nimejitoa kwa mkopo. Sikumuuliza mtu. Bodaboda mpaka Chilangala, kwa Bibi Zabibu, mzaa mama. Shikamoo ya kwanza kwake, ya pili kwa Swalehe, kocha wao. Swalehe hajawahi kuniona uwanjani. Hapo benchi limenisaidia! Kauliza nimechezea timu ngapi. Nikasema tisa. Kanipa jezi namba kumi na moja hapo hapo. Bibi kachinja kuku. Nimekula mapaja yote mawili, mchezaji wa mkopo hulishwa.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimerudi Lupaso nikakuta balaa. Sultani kapulizia mikorosho ya baba yake dawa ya salfa bila kufunga uso. Macho yamevimba, kamwamkia mbuzi. Baba Winfrida, kocha wetu, kaja mwenyewe nyumbani: Joel, Jumamosi unaanza. Mdomo wangu ukasema ndiyo baba kabla sijaushauri.

Nimkatae Baba Winfrida? Nitazeekea benchi. Nimkatae Swalehe? Kuku yuko tumboni tayari, na Bibi ameshatangaza msikitini.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane. Watu wamepumzika, akili yangu imegoma kupumzika. Nimepata! Mawinga wawili wa kushoto uwanjani, wote mimi! Mwalimu Cecil akichagua yeyote, kanichagua mimi. Sultani mwenyewe hajawahi kujipa nafasi mbili.

Kipindi cha kwanza Lupaso, uso wazi. Kipindi cha pili Chilangala, nimejifunga taulo la njano la mama, yamebaki macho tu. Nitasema ni salfa. Msimu huu nusu ya wilaya inatembea imejifunga uso, hakuna atakayeuliza. Swalehe nimempigia simu: bodaboda ni mbovu, nitawahi kipindi cha pili.

Jumamosi, 9 Agosti
Naandika bila shati. Nitaeleza.

Dakika ya thelathini, goli! Abrahamu, beki wa Chilangala, nimemzungusha akaenda kumkaba mwamuzi. Baba Winfrida alicheza ngoma peke yake. Mapumziko: msuli! Nimelia kwa ufundi mkubwa. Wakanitoa, nikajikokota hadi nyuma ya vyoo. Nikatoka Mchilangala.

Kipindi cha pili nilistarehe. Mabeki wa Lupaso nawajua, najua hata nani anafumba macho mpira ukija. Dakika ya themanini, goli! Moja moja. Vigelegele vya akina mama, uwanja mzima unaimba Mwenye Taulo! Mwenye Taulo!

Nikasimama. Wanamshangilia nani? Kitambaa! Goli langu linakwenda kwa kitambaa cha kujifutia! Sikuvumilia. Nikalivua, nikapiga kelele: ni mimi, Joel!

Baba Winfrida akauliza msuli umepona saa ngapi. Swalehe akauliza hiyo bodaboda mbovu ilitokea upande wa Lupaso? Timu mbili zikaja kwangu pamoja, jambo la kwanza kukubaliana siku nzima.

Bibi Zabibu akaingia uwanjani, kanga begani. Akawauliza Walupaso: ninyi Wamakua, mama yake si Mmakonde? Akawageukia Wachilangala: nanyi Wamakonde, baba yake si Mmakua? Basi ni mtani wenu nyote. Haya, nimwone anayempiga mtani!

Wakasimama. Mtani hapigwi. Ila mtani huporwa, na akinuna kakosa yeye. Lupaso wakachukua viatu. Chilangala wakanivua jezi. Abrahamu soksi. Sultani, macho yamevimba vile vile, kapapasa begi langu hadi kaipata jezi ya Kroti. Nikabaki na bukta, nacheka kwa lazima.

Mechi ikaisha moja moja. Kombe watakaa nalo miezi sita sita. Magoli yote mawili yangu. Yaandikwe.

Jumapili, 10 Agosti
Baada ya misa Mwalimu Cecil kaniita. Kanionyesha daftari lake. Lupaso kumi na moja: mzuri. Chilangala kumi na moja: mzuri zaidi, ila haoni vizuri. Nimechaguliwa! Kasema afadhali niende Mtwara kuliko kuachwa hapa na timu mbili. Kaniapisha: timu moja, jezi moja, uso mmoja. Nimeapa mbele ya kanisa.

Jioni Sultani kaleta jezi ya Kroti. Eti imembana. Uongo, ana kifua cha kuku. Lakini kasema nikafunge magoli huko, na macho yalikuwa yanatoka machozi. Salfa, kasema.

Jumatano, 13 Agosti
Kesho Mtwara! Mwalimu Cecil kataja kwa bahati mbaya kwamba mkoa una vikosi viwili, wakubwa na vijana. Vyote havina winga wa kushoto. Wanapimana Ijumaa, kimoja dhidi ya kingine.

Nimepakia jezi ya Kroti, viatu vya kuazima na taulo.

La bluu. Lile la njano wanalijua.