Somo la Ziwa na Sambaza

Wenzangu, leo nimejipaka matope kwa mkono wangu mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya inspekta.

Mnajua nilivyorudi kutoka mafunzo ya likizo nikiwa nimejaa nadharia ya akili ya mtoto (kila aliyenisalimu hapa mtaani kwetu Bagira alipewa somo la bure). Ile inayosema mtoto hupanda hatua kwa hatua. Wa miaka sita bado anaamini jicho kuliko sikio: kitu kikubwa lazima jina lake liwe refu, kitu kidogo fupi. Asipovuka hapo, hasomi, anabahatisha tu. Basi nikaacha kuwaimbisha watoto ba-be-bi-bo-bu, nikaanza kazi ya kadi zenye maneno.

Wazazi wakanung'unika. Nani alinitetea? Directeur wetu, mkuu wa shule. Mzee mpole, mfupi (kwenye gwaride anapotea kati ya watoto wa darasa la sita). Alikwenda mwenyewe hadi ofisi ya elimu kuniombea. Wakamjibu: inspekta atakuja kuona. Akiridhika, kadi zinabaki. Asiporidhika, narudi kwenye ba-be-bi.

Inspekta akaja leo. Directeur alivaa abacost (ile suti yetu isiyo na tai) iliyopigwa pasi mpaka inang'aa, akaketi naye nyuma ya darasa.

Nikainua kadi mbili. ZIWA. SAMBAZA. Nikamwita Furaha, ambaye mama yake anauza sambaza sokoni (vile visamaki ambavyo tonge moja linabeba vinne).

"Furaha, karatasi gani inasema ziwa?"

Akagusa ile ndefu. "Ni hii. Ziwa iko mukubwa, mwalimu. Sambaza ni kadogo tu."

Sawasawa na nadharia! Inspekta akanong'ona kwa mshangao, "Tiens!" Kichwa changu kikavimba. Nikampigisha Furaha makofi, silabi kwa silabi: zi-wa. Sa-mba-za. Akahesabu kwa vidole, akashangaa.

"Kumbe kasamaki kadogo iko na jina murefu!"

Darasa likashangilia. Inspekta akaandika huku anatabasamu. Hapo mtu mwenye akili angesema asanteni, kwaherini. Mimi? Nikataka kumwonyesha hatua inayofuata: mtoto atoe mfano wake mwenyewe.

"Nani anajua jina lingine refu?"

"Ya Directeur!" Darasa zima.

Ni kweli. Serikali ilipotuambia tuache majina ya Kizungu tuchukue ya mababu, Directeur aliyachukua yote, asije babu mmoja akalalamika. Nami nikaandika! Mushagalusa Cirimwami Ntakobajira. Chaki ikakatika (hata chaki ilinionya). Tukapiga makofi silabi zote, na Directeur naye akapiga, amefurahi kama mtu aliye kwenye ubatizo wa mjukuu wake.

Furaha akatazama ubao. Akageuka, akamtazama Directeur kuanzia viatu mpaka kichwani (safari fupi). Uso wake ukafunguka. Mungu wangu, nikajua kinachokuja, wala sikuwahi kumziba mdomo.

"Mwalimu, nimeelewa! Directeur iko sambaza!"

Darasa zima likapokea, kwa makofi, vilevile nilivyowafundisha: "Sa-mba-za! Sa-mba-za!" Inspekta alificha uso kwenye leso, mabega yanamtetemeka. Directeur alipiga kofi moja la mwisho kwa mazoea, kisha akaificha mikono mapajani.

"Citoyenne," inspekta akaniita kwa heshima alipopata pumzi, "huyu mutoto ameelewa kabisa. Endelea na kadi zako."

Nimeshinda, basi. Mbona nilitaka kulia? Mapumziko yalipofika shule nzima ilikuwa inaimba. Mtu aliyenipigania, nimemlipa jina la utani la kuzeeka nalo, na Bagira haijawahi kusahau jina la utani. Najuta, jamani. Najuta kweli.

Nikaenda ofisini kwake. Alikuwa amesimama dirishani anawasikiliza watoto.

"Directeur, unisamehe."

"Mutoto amesoma, mwalimu. Ni ile tulikuwa tunatafuta." Akafunga dirisha. "Inspekta anataka urudilie hii somo ku masomo ya Kavumu, na mimi nikusindikize. Nitaenda. Lakini nakuomba kitu moja tu: kule, utumie samaki ingine."

Msicheke, tafadhali. Na mkishindwa, nichekeni mimi, yeye mwacheni.